Sehemu ya Pili Iko Nyuma

Ukitaka kujua una ndugu wangapi Dar es Salaam, sema una pleya ya santuri inayofanya kazi. Huna haja ya kutangaza. Mwambie shangazi mmoja tu, msibani, wakati sahani za pilau zinapita, halafu rudi nyumbani ukasubiri. Wale waliokuwa hawapokei simu ulipohangaikia ada ya mtoto watakuja wenyewe, kwa nauli zao, wamepakata maboksi kwenye bajaji. "Nasikia unaziingiza kwenye kompyuta. Basi na mimi niwekee kwenye flashi. Nitapitia kesho jioni."

Kesho jioni! Watu wamezoea kutumiana pesa kwa simu, namba ya siri na mambo yamekwisha, wanadhani muziki nao unatoka kwenye santuri kwa mtindo huo. CD ndivyo ilivyo, sikatai. Unaitumbukiza, kompyuta inanguruma kidogo, albamu nzima imeingia kabla chai haijapoa. Santuri haitaki hayo. Muziki wake umechimbwa kwenye mchirizi mmoja mrefu unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, na sindano sharti iupite wote kwa mwendo wake, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika kwa zile kubwa, 45 kwa zile ndogo. Upande wa dakika 20 ni dakika 20. Boksi la santuri kubwa 30 lina pande 60, yaani saa 20 za kukaa kitako kabla hujaanza kazi yenyewe. Na usidhani utaiacha iimbe uende sokoni. Pleya yangu si ya zile zinazoinua mkono zenyewe. Upande ukiisha, sindano inabaki palepale ikigonga tk, tk, tk, na kompyuta kwa utiifu wake wa kijinga inaendelea kurekodi hiyo tk mpaka diski ijae.

Mizigo yenyewe inakuja katika hali ambayo hata bwana afya angesita. Santuri iliyokaa pwani miaka 40 ina ukungu, ina vumbi, ina mayai ya mende. Jalada moja nimelikuta limeandikwa hesabu za upatu nyuma, nani amepokea na nani bado, na nina hakika yule wa mwisho hajapokea mpaka leo. Jalada na kilichomo ndani mara nyingi hawajuani. Nje Morogoro Jazz, ndani Jim Reeves. Nimefikia mahali naamini kwamba nchi hii kila aliyekabidhiwa gramafoni alikabidhiwa pia Jim Reeves mmoja hapohapo dukani, na kwa kuwa kila ndugu ana wake, nimemrekodi Jim Reeves yuleyule kwa idadi ya ndugu. Ukimwambia mtu, "Shangazi, huyu ninaye tayari, nitakupa nakala," ananuna. Anataka wa kwake.

Basi unaziosha. Maji ya bomba hayafai, ya kisima ndiyo kabisa, yanaacha chumvi ndani ya mchirizi. Unatumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mzunguko, lebo isilowe. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama muda mrefu, kisha akauliza kama ni haki santuri za shangazi zioge maji ya betri wakati watoto wake wanaoga ya chumvi. Sikuwa na jibu. Jirani naye akaleta ushauri wa spiriti. Nilimshukuru nikaificha mbali, kwa sababu miongoni mwa maboksi kulikuwa na santuri za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika ukizitazama vibaya. Hizo hazikutengenezwa kwa plastiki, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ambao mafundi seremala huuyeyusha kwa nini? Kwa spiriti. Ungempaka bibi wa watu muziki wake kwenye meza.

Huyo bibi, jirani yetu wa mtaa wa pili, aliniletea moja tu, lebo haisomeki, ya enzi zilezile za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi. Pleya za siku hizi nyingi haziendi mizunguko 78. Zaidi ya hapo mchirizi wa santuri hizo ni mpana, ukiweka sindano ya kawaida inazama chini na kuchota uchafu. Sindano ya 78 ilinichosha kuitafuta. Ikapatikana. Mwendo nao una ujanja wake: unaipiga kwa 45, halafu unaiambia programu iharakishe kwa asilimia 73 na ushee, inafika 78. Tatizo ni ule muda wa kurekodi. Bibi amekaa sebuleni na kanga yake ameshika tasbihi, anasubiri kumsikia mwimbaji wa ujana wake, na kinachotoka kwenye spika ni mzee wa kiume mwenye usingizi. Nikamweleza habari ya asilimia. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mwanangu, huyu si yeye. Mmeibadilisha."

Sasa tuje kwenye waya, maana ndiko uzee wangu ulikoanzia. Kijana wa kaka yangu, anayesoma kompyuta chuoni, alikuja kunisaidia. "Ba'mdogo, hii ni dakika mbili." Akachukua waya za pleya, nyekundu na nyeupe, akazitafutia kipachiko, akachomeka kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Sauti ikaja nyembamba, haina besi hata ya dawa, na iko sikio moja. Akasema santuri ndivyo zilivyo, ndiyo maana zilikufa.

Hazikufa kwa ajili hiyo. Umeme unaotoka kwenye kichwa cha pleya ni mdogo mno, milivolti chache tu, hauwezi kwenda mahali peke yake. Na waliochonga santuri walipunguza besi makusudi, kwa sababu besi nene inafanya mchirizi uyumbe kwa upana, inakula nafasi na kuirusha sindano. Sauti za juu nazo wakazipandisha, ili wakati wa kupiga zikishushwa, mvumo wa plastiki ushuke nazo. Mwaka 1954 chama cha watengeneza santuri wa Marekani, RIAA, kilipitisha kipimo cha kupunguza huku na kuongeza kule, na dunia ikafuata. Kwa hiyo lazima katikati kuwe na kifaa kinachoujua huo mpango na kuugeuza. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho ndani, zina tundu limeandikwa PHONO. Nilikwenda Kariakoo kuulizia. Duka la kwanza wakanipa spika ya bluetooth. La pili wakanipa spika ya bluetooth yenye taa. Mwisho nilipata amplifaya kwa fundi redio mmoja mzee, ameiwekea birika juu. Nilimwambia ninaitaka na bei yake. Aliihamisha birika kwa huzuni iliyonifanya niongeze elfu tano.

Ukishaipata hiyo, unaingia pleya kwenye PHONO, unatoka pale palipoandikwa TAPE OUT, unaingia kwenye kikadi cha sauti cha USB, na kompyuta inapokea. Ndipo inapoanza mmmmmm.

Nyuma ya pleya hutoka waya wa tatu, mwembamba, mweusi au kijani, ambao hauna mwenzake. Ni waya wa ardhi. Unafungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND. Kila pleya niliyoletewa nitazame, waya huu umekatwa. Si kwamba umekatika. Umekatwa, kwa mkasi, na mtu aliyeona hauendi popote akaamua hauna kazi. Bila huo, muziki wote unaelea juu ya mvumo wa umeme wa ukutani, hezi 50, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Huu umeme wetu jamani. Ukiutaka haupo, usipoutaka umo ndani ya kila wimbo. Unafunga waya, mvumo unapungua. Unachomoa chaja ya laptopu, unapungua tena. Unahamisha friji, mke wangu anauliza friji inahusikaje na Mbaraka Mwinshehe.

Kukatika kwenyewe kuna raha yake. Laptopu ina betri, pleya haina. Umeme ukiondoka katikati ya wimbo, kompyuta haina habari, inaendelea kurekodi kwa uaminifu jinsi sahani inavyoishiwa mwendo: magitaa yanayeyuka, mwimbaji anashuka kutoka kijana hadi mzee hadi ng'ombe, kisha kimya, kisha sauti ya mbali ya mtaa mzima ukisema "Aaah!" Hiyo ya mtaa haimo kwenye rekodi, ni mimi ninayeisikia. Kijana wa kaka yangu ameifanya ile ya ng'ombe kuwa mlio wa simu.

Na hapo kwenye sauti za nje ndipo ninapogombana na nyumba nzima. Mama yangu akija kututembelea, akikuta pleya inazunguka, anaweka kidole mdomoni. "Shhh! Anarekodi." Watu wote wananong'ona. Mtoto akikohoa anatolewa nje. Nimeeleza mpaka nimechoka kwamba muziki unapita kwenye waya, haupiti hewani. Pigeni kelele, ombeni, gombaneni, hakuna kitakachoingia. Kinachoingia ni vishindo. Sindano inasikia sakafu. Na watu wangu hawa, kwa heshima kubwa, wananong'ona huku wanatembea kwa visigino kutoka jikoni hadi sebuleni, na kila kisigino kimo kwenye faili, dum, dum, kinapita katikati ya taarabu ya Black Star ya Tanga ambayo mama ndiye aliyeitaka.

Sasa mjomba. Mjomba ana santuri ndogo za 45 za Mbaraka, za Morogoro Jazz na za Super Volcano, na hazigusi mtu. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na mjomba hajawahi kuutambua muziki wowote uliotoka baada ya hapo. Alizileta mwenyewe, akazihesabu mbele yangu, akakaa. Nikaichukua ya kwanza nikaitazama kwenye mwanga. Santuri nzuri ni nyeusi inayong'aa. Hii ilikuwa na rangi ya kijivu kuzunguka, mchirizi umelimwa.

"Mjomba, hii ilipigwa na sindano gani?"

"Ya kawaida. Ila ilikuwa inaruka, nikaitia shilingi."

Shilingi ile nzito, ya toleo la 1966, Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Aliilaza juu ya kichwa cha pleya ili sindano isiruke. Sindano ya kawaida inataka uzito wa kama gramu 2. Mjomba aliibebesha taifa zima. Ni kweli haikuruka tena, ingeruka vipi? Ilikuwa inachimba msingi.

Kwa hiyo ndani ya kila wimbo kuna mikwaruzo na mapasuko, na hapo ndipo programu inapoingia. Ninatumia Audacity, ambayo ni ya bure na ipo tangu mwaka 2000, na ina kitufe cha kuondoa mapasuko yote kwa mkupuo. Kibonyeze kwa uangalifu. Kitufe hakijui dansi. Kwake yeye kitu chochote kifupi chenye ncha kali ni uchafu, na manyanga je? Na ile kacha ya kwanza ya tumba? Nilijaribu kwenye wimbo mmoja wa mjomba, ukatoka safi, umepigwa pasi, wapiga ngoma wote wamekwenda likizo. Nikaurudisha. Sasa naukuza wimbo kwenye skrini mpaka sekunde moja inajaza meza, na ninatafuta pasuko mojamoja. Muziki unaonekana kama vilima. Pasuko ni mstari uliosimama wima peke yake, mwembamba, hauna mteremko, chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Unaushika, unaiambia programu ichore kilima badala yake. Kisha unasogea kwenye mwingine. Wimbo wa dakika nne kwa namna hii ni jioni nzima na chakula kimepoa. Wakati huohuo kuna vijana wa muziki mjini wanaweka mikwaruzo ya santuri juu ya nyimbo walizorekodi juzi, kwa makusudi, ili zionekane za zamani. Waje kwangu. Nitawauzia kwa kilo.

Lakini ugomvi mkubwa si mikwaruzo. Santuri ndogo ya 45 haibebi dakika nyingi, na bendi zetu, za hapa na za Nairobi, hazikuwahi kujua kumaliza wimbo mapema. Suluhisho lilikuwa kuukata. Upande wa kwanza wanaimba, wanamlalamikia mwanamke, wanamweleza historia yote. Gitaa la solo linaanza tu kupata moto, sauti inazimishwa pole pole. Unainuka, unageuza, sehemu ya pili iko nyuma, na huko ndiko kwenye chemko, sebene tupu hadi mwisho. Kila mtu mwenye umri wa kukumbuka anajua nyimbo hizi kwa vipande viwili.

Mke wangu, ambaye hajaguswa na historia, akasema: ziunganishe. Kompyuta si inaweza? Inaweza. Ila ukizifuatanisha unagundua kitu. Karibu na lebo duara ni dogo, kwa hiyo kila sekunde sindano inapita njia fupi kuliko ilipokuwa ukingoni, na sauti za juu zinabanana na kukwaruza. Sehemu ya kwanza inaishia hapo, imechoka, imeziba pua. Sehemu ya pili inaanzia ukingoni mwa upande wa pili, safi, imetoka kuoga. Ukiziunganisha bila kuzisawazisha, ni bendi mbili. Nilikaa nazo, nikashusha huku nikapandisha kule, nikatafuta pigo la tumba la kukutania, nikafanikiwa. Hujui zilikutana wapi. Nilijiona fundi, nikamwita mjomba asikilize.

Alisikiliza mguu wake ukigonga sakafu. Ilipofika pale, mguu ukasimama. Akanitazama.

"Umekula pale."

"Pale wapi, mjomba? Nimeunganisha."

"Pale ndipo tulipokuwa tunakaa."

Akaeleza. Kwenye dansi la santuri, sehemu ya kwanza ikiisha watu wanapumua. Unafuta jasho, unaagiza soda, unamwacha uliyekuwa unacheza naye kama hakufai na unamkaribia yule uliyekuwa unamtazama. Mwenye pleya anageuza, na yule anayegeuza ana madaraka kuliko mwenyekiti wa kijiji, maana akichelewa makusudi, mipango ya watu inakamilika. Mjomba anadai ndoa yake ilipatikana kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, na mimi kwa kuunganisha nimemnyang'anya mke wake.

Basi iachwe nafasi. Ya muda gani? Mjomba akasimama, akaenda kwenye pleya, akajifanya anainua mkono, anatoa santuri, anaigeuza, anaipuliza vumbi, anaiweka, anashusha sindano, huku mimi nimeshika saa. Nikamwambia kwa heshima kwamba muda huo ni wa magoti ya sasa, si ya mwaka 1975. Hakucheka. Kwa sasa wimbo mmoja una mafaili matatu: la mke wangu lililounganishwa, la mjomba lenye kimya kirefu katikati, na la mama, ambaye anataka sehemu ya kwanza peke yake kwa sababu sebene linampandisha presha.

La nne ni la binamu aliyeko Maskati. Huyu hakuleta santuri hata moja, ila ana maoni. Amesoma mahali kwamba rekodi ya kiwango cha CD, vipimo 44,100 kwa sekunde, ni ya kimaskini; anataka 96,000, biti 24. Dakika moja ya kawaida ni kama megabaiti 10. Yake ni zaidi ya 34. Sikio la binadamu mzima linaishia karibu na hezi 20,000, na vipimo 44,100 vinafika huko na chenji inabaki. Sikio la binamu lina miaka 58 na limefanya kazi karibu na jenereta. Nikamtumia hata hivyo, bando langu likaisha katikati. Baada ya wiki akajibu kwamba ni nzuri sana, tofauti inasikika waziwazi. Alikuwa anasikilizia kwenye spika ya simu, ndani ya gari, kiyoyozi kimewashwa.

Siku moja, katika kutafuta jina sahihi la mpiga gitaa, niliandika jina la wimbo kwenye YouTube. Upo. Ulipandishwa zamani na mtu asiyejulikana, kwa kipande kimoja, na chini yake unasikika mvumo wa hezi 50, kwa hiyo na yeye waya wake walikata. Sijamwambia mtu yeyote nyumbani.

Flashi ya mjomba nilimpelekea mwenyewe, Ijumaa baada ya swala. Nimeipanga kwa majina ya bendi na miaka, nimeandika watunzi kama walivyo kwenye lebo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitafuta sindano. Kisha akanipeleka kwenye Corolla yake akanionyesha redio. Haina tundu la flashi. Ina mdomo wa kaseti.

"Niwekee kwenye kaseti," akasema. "Sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Ikifika mwisho nitaegesha niigeuze."

Kwa hiyo tangu Jumatatu ninazunguka Kariakoo kuulizia kaseti tupu. Kijana wa duka la kwanza ameniuliza ni ya simu gani.